Simba wa Sisimizi

Apolline wa Mulongwe, mtaa wa Uvira, aliolewa na mtu wa wadudu, na majirani hawakuchoka kumtania. Mumewe, Thaddée, alikuwa monita, mwelekezi wa wakulima wa pamba, huko Mutarule. Alikuwa na sanduku la mbao lenye wadudu waliochomwa pini, akimfundisha mkewe kuwatofautisha hata wakati wa kula. Huyu mwekundu hunyonya mbegu na kuitia pamba madoa. Kiwavi huyu hutoboa tumba akala akiwa ndani. Huyu wa mviringo mwenye vidoa usimuue, anakula vidukari. Mtu akikosea jina, Thaddée alikasirika kana kwamba ametukanwa yeye.

Mwaka wa sitini na nne waasi waliingia Uvira. Walijiita Simba, na waliamini dawa yao inageuza risasi kuwa maji. Waliposikia kuna mtu anayechoma vitu sindano ndani ya sanduku, walifikiri anawaharibia dawa. Walikuja mchana, wakamketisha Thaddée uani. Mkubwa wao, Basile, alisema kama si uchawi, basi ataje kila kitu na kazi yake. Akiridhika, atamwacha.

Thaddée alitaja. Alipofika kwa vunjajungu na kuonyesha anavyokunja mikono kama mtu wa kanisa, Basile alicheka, akasema hata kwao wako. Vijana wawili waliowahi kulima pamba wakaanza kuitikia. Apolline akapata pumzi.

Kikabaki kimoja, kidudu cha kijivu chenye taya ndefu, kile kinachochimba shimo mchangani na kungoja sisimizi ateleze. Mulongwe nzima inakiita kadudu ka mchanga. Lakini Thaddée alilikuta jina lake shuleni kwa Kifaransa, akalitafsiri mwenyewe, na hakukubali jingine.

"Na hii iko nini?" Basile aliuliza.

"Iko simba ya sisimizi, shefu."

Basile aliitazama ile pini iliyopita katikati ya mgongo. Hakucheka tena.

Apolline alisogea mbele. "Iko kadudu ka mchanga, shefu. Batoto bote banakajua. Iko kadudu ka mchanga tu."

Basile alimgeukia Thaddée, akamuuliza kama mkewe anasema kweli. Alimuuliza kwa upole, naye Apolline anashikilia hilo mpaka leo: mtu yule alikuwa anatafuta njia ya kumwacha.

"Hapana," Thaddée alisema. "Bibi anakosea."

Walimpeleka upande wa mto, na hakurudi.

Jamaa walikuja kutoka Kasenga kumlilia, Apolline akawapikia. Tangu hapo anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, amesomesha binti yake Generose, mji umebadilisha wakubwa mara nyingi. Ukimuuliza kama anamlilia mumewe, atakuambia hasikii kitu, mwili ulikufa ganzi siku ile na haujaamka. Anachosikia ni hasira, nayo ni ndogo, ya kila siku.

"Nilimupatia jina ingine," husema. "Alikatala."