Bango la Mkurugenzi

Mkasa huu sipendi kuusimulia mbele ya mke wangu, maana yeye huusimulia vizuri kuliko mimi, na kwake huwa natoka mjinga zaidi, kwa hiyo nisikilizeni kabla hajarudi kutoka sokoni.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipoachia biashara ya mazao mikononi mwa watu, kila mtu akadhani anaiweza. Mimi nilikuwa na digrii, tai moja, na mashine ya kukamua alizeti pale Misigiri, ambayo baba mkwe aliuza ng'ombe sita ili tuipate (na alisema wazi kwamba msimu ukipita bila wateja, mashine inauzwa na ng'ombe wake wanarudi). Aliyeshinda na mashine ni mke wangu, Mama Neema, amejifunga kanga, mikono mafuta matupu hadi viwikoni. Nikaona hilo halina hadhi. Nikaamua biashara inahitaji sura, na sura yenyewe iwe yangu.

Mchoraji wa Singida mjini akanichora kwenye bati kubwa: suti, tai, faili kwapani, na chini yake MKURUGENZI MSOMI. Neno alizeti lilikosa nafasi, faili lilikuwa pana.

"Mafuta yako wapi hapo?" mke wangu akauliza.

"Watu hununua jina kwanza," nikamjibu, kisomi kabisa.

Siku ya mnada mikokoteni ikaanza kuja na magunia. Wa kwanza ukafika mbele ya bango, nililolisimamisha kando ya barabara, ukasimama, ukageuza. Wa pili vilevile. Wa tatu ukakata kupitia shamba la watu. Yote ikaelekea kwa jirani yetu mwenye mashine mbovu isiyo na hata kibao. Nikapandwa na hasira, nikavaa suti ileile, nikachukua daftari nikaandikishe wateja (daftari, jamani, ndilo lililonimaliza), nikasimama katikati ya barabara na kunyoosha mkono. Mkokoteni mmoja ukasimama, juu ya magunia ameketi mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akatazama bango, akanitazama mimi. "Ushuru wa nini tena, mwanangu? Si mlisema mmetuachia mazao yetu?"

Hapo ndipo akili ikanirudi. Miaka yote, mtu wa tai na faili akisimama njiani, huwa amekuja kuchukua. Na mimi nimejichora nikiwa huyo huyo, tena kwa rangi ya kulipia. Nikaapa kwamba mimi ni mkamuaji tu.

"Basi iwashe," mzee akasema.

Watu wakajaa uani. Nikashika hendeli, nikazungusha mara moja, mara tatu, mara sita. Koti likachanika mgongoni, injini ikakohoa na kunyamaza.

"Mkurugenzi," akasema mama mmoja, "labda inataka uiandikie barua."

Mama Neema akanisogeza kwa kiwiko, akagusa kitu fulani ambacho mpaka leo hanionyeshi, akazungusha mara moja, mashine ikanguruma. Mzee akaitazama mikono yake ile ya mafuta.

"Kumbe ni ya mama huyu. Shusheni."

Mikokoteni iliyokwenda kwa jirani ikarudi mmoja mmoja, na mashine haikuuzwa. Mimi siku ile nilizoa mashudu, yale makapi ya alizeti, nikiwa na suti yangu ileile.

Nimeapa kutosimama tena na daftari mbele ya mtu mwenye gunia. Bango lenyewe sasa ni mlango wa banda la kuku. Kila asubuhi namfungua Mkurugenzi, nao wanatoka mbio bila kumtazama.