Miche Iliyotoka kwa Baba Mkwe

Siku ambayo bango lenye picha yake lilitundikwa kwenye njia panda ya Manga, Nyanchera hakutoka nje ya boma. Watu walimpigia simu kumpongeza. Mmoja alimtania kwamba kwa tabasamu lile angeweza kuomba kura na akazipata. Nyanchera alicheka alivyoweza, akakata simu, akarudi nyuma ya nyumba kuutazama tena mgomba alioukata asubuhi. Ndani ya shina, pale palipopaswa kuwa peupe, palikuwa pakitoka utomvu wa manjano, polepole, mzito kama usaha wa jipu.

Aliujua ugonjwa huo. Ulikuwa mnyauko, ule usio na dawa. Mgomba ukishaupata hung'olewa na kuzikwa, na panga lililoukata huupeleka kwa mgomba wa pili, na wa pili kwa wa tatu, hadi kilima kizima kibaki na majani makavu yanayoning'inia.

Nyanchera alizaliwa Nyacheki, katika nyumba iliyoamka alfajiri kuchuma chai. Aliolewa Manga na Onyiego, fundi wa umeme, mtu wa maneno machache. Miaka minane iliyopita alianza kupanda machipukizi thelathini ya migomba katika makopo matupu ya mafuta ya kupikia, akayapanga kando ya jiko. Mkono wake ulikuwa na baraka. Makopo yakawa kitalu, na kitalu kikaajiri wanawake watano. Wakulima wa chai walikuja kutoka hadi Itumbe kutafuta miche ya kupanda pembezoni mwa mashamba yao. Walimwamini kwa sababu moja: Nyanchera hakupokea machipukizi ya mtu yeyote kabla ya kulitembea shamba la mtu huyo na kukata shina moja au mawili ili aone yaliyomo.

Shamba moja tu hakulitembea.

Mwezi wa Machi mvua ilianza kwa kishindo na wateja wakawa wengi kuliko miche. Baba mkwe wake, Mzee Obadiah, mzee wa kanisa la Waadventista, aliposikia kwamba mke wa mwanawe amezidiwa, alichimba machipukizi sitini katika shamba lake na kumpa Onyiego ayapeleke. Ulikuwa msaada wa upendo. Lakini kati ya mzee na mke wa mwanawe kulikuwa na chinsoni, ile heshima yenye haya ambayo Wakisii huilinda kama mboni ya jicho. Kwa miaka kumi na miwili Mzee Obadiah hakuwahi kukanyaga ndani ya nyumba ya Nyanchera. Naye Nyanchera angewezaje kuingia katika shamba la mzee akiwa na panga mkononi, akate migomba yake kama mnunuzi anayeshuku bidhaa? Angekuwa amemvua nguo hadharani. Kwa hiyo aliyapanda bila kuyakagua, akayachanganya na mengine, akayauza kwa watu arobaini na mmoja.

Sasa ilikuwa Septemba, na uso wake ulikuwa njia panda.

Bango lilikuwa kazi ya Pam, mwenye hoteli mjini Kisii. Pam ndiye aliyeanzisha Meza ya Alhamisi, kikundi cha wenye biashara waliokutana mara moja kwa mwezi katika chumba cha juu cha hoteli yake. Alikuwa akisema kwamba wafanyabiashara wa Kisii na Nyamira wanajificha kama kware kwenye majani, halafu wanashangaa kwa nini hawajulikani. Ndiyo maana alimpangia Nyanchera bango, na baada ya bango, nusu saa katika kituo cha redio kinachotangaza kwa Ekegusii. Nusu saa hiyo ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Kila mwezi mmoja wao aliketi kwenye kiti cha mwisho wa meza na kueleza jambo linalomsumbua katika biashara yake. Wengine hawakuruhusiwa kumshauri. Waliruhusiwa kumwuliza maswali tu, mpaka yeye mwenyewe aombe shauri. Simu zilizimwa, na yaliyosemwa yalibaki chumbani. Alhamisi hiyo zamu ilikuwa ya Nyanchera.

Alikuwa ametayarisha jambo jingine la kusema, kuhusu uhaba wa mbolea. Aliketi. Mezani palikuwa na chai na sahani ya ndizi mbivu. Ouko, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alimenya moja na kuimega, na macho ya Nyanchera yalikwenda moja kwa moja kwenye ule mmego kutafuta madoa ya kahawia ya mnyauko. Hayakuwapo. Hata hivyo maneno ya mbolea yalimkauka kinywani.

"Nimeuza ugonjwa," alisema.

Aliwasimulia yote, kuanzia machipukizi ya Machi hadi utomvu wa manjano. Alipofika kwa jina la mzee alisita, kisha akasema "mtu wa nyumbani." Kila mmoja alielewa.

Syprose, mshonaji wa sare za shule, asiyekuwa Mkisii, aliyetoka upande wa ziwa kama Ouko, ndiye aliyeanza kuuliza. Alitaka kujua ni wangapi kati ya wale arobaini na mmoja waliokwisha kuona dalili. Nyanchera alijibu kwamba wawili walipiga simu wakilalamika kuhusu ukame, naye akawaacha waamini kuwa ni ukame. Aliposikia sauti yake ikisema hayo, alijiogopa.

Pam aliuliza kama mume wake anajua. Ndiyo, alijua. Alipoambiwa azungumze na baba yake, Onyiego aliuliza kama anatakiwa kumwambia mzee kwamba ameua migomba ya Manga, kisha akachukua mkoba wa vifaa vyake akaenda kazini.

"Nyinyi Wakisii mnaogopana kuliko mnavyoogopa ugonjwa," Ouko alisema.

"Hilo si swali, Ouko," Syprose alimkata. "Na wewe mama mkwe wako akikohoa unajificha nyuma ya ghala."

Walicheka, hata Nyanchera. Ndipo Ouko alipoinama mbele na kuuliza swali lake, kwa sauti ya chini.

"Dada, ukinyamaza hadi mwaka ujao, ni migomba ya nani itakayokuwa imesimama?"

Nyanchera alilipitisha jicho la moyo wake kilimani, boma baada ya boma. Wajane wanaouza mkungu mmoja kwa wiki. Watoto wanaokula matoke wakitoka shule. Akaona pia bango njia panda, likitabasamu juu ya migomba iliyokauka. Aliomba shauri.

Walimshauri kwa zaidi ya saa nzima, mengine ya maana na mengine ya kupuuza. Pam alijitolea kuahirisha redio, ili kwanza jambo limalizwe kimyakimya kwa kila mteja. Nyanchera aliitamani njia hiyo, tena sana. Lakini wateja wale walikuwa wameshawagawia jirani zao machipukizi, kama ilivyo desturi, na hao hakuwa na majina yao. Redio ingewafikia. Lililobaki ni kwamba mzee asilisikie jambo hilo mara ya kwanza redioni.

Jumapili alikwenda kwa shangazi ya mume wake, Drusilla, dada mkubwa wa Mzee Obadiah. Drusilla hakuwa na chinsoni na ndugu yake. Alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto. Alisikiliza, akafunga leso kichwani, akaenda siku hiyo hiyo. Aliporudi alisema kwamba mzee hakubisha. Aliomba maji, akanywa, akamwuliza kama mvua imenyesha upande wake.

"Ndiyo hayo tu, shangazi?"

"Ndiyo hayo tu, mokamwana, mke wa mwanetu. Ungemjua akiwa kijana, ungejua kwamba hayo ni mengi."

Nyanchera hakujua kama yalikuwa mengi ya hasira au ya huzuni. Tangu Jumatatu mpaka Alhamisi, mzee hakuonekana njiani. Asubuhi moja Onyiego alimkuta baba yake amesimama katikati ya migomba, ameshika panga, ncha ikigusa udongo, na mzee hakuitikia salamu. Usiku ule Nyanchera hakula. Aliwaza kama mtu wa miaka sabini na sita anaweza kufa kwa aibu, na kama kifo hicho kitaandikwa kwa jina lake.

Ijumaa asubuhi Syprose alifunga kiwanda chake cha kushona akamsindikiza hadi redioni. Alichukua simu zote mbili za Nyanchera na daftari la shule, akaketi kwenye benchi nje ya studio. Mtangazaji alikuwa mchangamfu. Alimkaribisha kama mwanamke aliyeonyesha njia, akamwuliza siri ya mafanikio yake. Taa nyekundu iliwaka. Nyanchera alisogea karibu na kipaza sauti.

Alitaja jina lake na la kijiji chake. Alisema kwamba miche iliyotoka kitaluni mwake kati ya Machi na Mei huenda ina mnyauko. Mtu asiigawe, asiikate kwa panga na kulitumia panga hilo kwingine, na ampigie simu. Alisema kwamba kosa ni lake, kwa kuwa kazi yake ni kukagua na hakukagua. Mtangazaji alimwuliza alikoipata miche hiyo.

"Kwangu," alijibu. "Imetoka kwangu."

Alipotoka, Syprose alikuwa amejaza kurasa nne. Mwanamume mmoja wa Itumbe alitukana hadi salio lake likaisha. Mama mmoja alilia. Mwingine aliuliza tu atafanyaje, na Syprose alimwambia asubiri, mwenyewe anakuja. Ouko alikuwa tayari ameegesha gari lake la mizigo chini, akiwa na majembe sita mapya na pipa la dawa ya kuoshea vifaa.

Walipanda kilima hadi Manga. Kwenye njia panda Nyanchera hakulitazama bango. Walipofika karibu na boma aliona watu langoni, saba au wanane, baadhi wakiwa na majani makavu mikononi. Kesho ilikuwa Sabato. Hawa angekaa nao kanisani. Aliomba gari lisimame, akashuka ili apite njia ya shambani ajikusanye kwanza.

Kwenye mpaka wa mashamba yao mawili alimkuta Mzee Obadiah. Alikuwa ameng'oa robo ya shamba lake. Onyiego alikuwa ndani ya shimo, akizika mashina. Migomba hiyo mzee aliipanda mwaka aliooa. Nyanchera alisimama hatua tano kutoka kwake, akainamisha kichwa. Mzee naye alitazama upande, kama chinsoni inavyotaka, na akazungumza na mwanawe aliyekuwa shimoni.

"Mwambie mama wa watoto asipite hapa na viatu hivyo. Udongo huu unabeba ugonjwa."

Onyiego alifungua kinywa ili amfikishie ujumbe aliokwisha kuusikia. Mzee alikuwa bado hajamaliza.

"Na umwambie wale walio langoni nimewaambia shamba lililotoa ugonjwa ni langu. Wengine hawajaniamini. Awaambie yeye."

Nyanchera alivua viatu, akavishika mkononi, akazunguka kwa njia ya mawe kuelekea langoni. Watu walimwona, wakamgeukia.