Nyama ya Msitu Alioulinda Babu Yenu

Ninyi wajukuu mtakaosoma haya, mnaonijibu kwa Kiingereza nikiwasemesha Kiswahili, msidhani babu yenu alizaliwa na sare ya sekyuriti. Kabla ya kusimama milangoni pa maghorofa ya Hillbrow huku ugenini, alikuwa mlinzi wa wanyama katika misitu ya kaskazini mwa Kongo. Shule niliishia darasa la tatu, lakini haya niliyaona kwa macho yangu.

Alikuwa akiondoka na wenzake siku kumi, kwa miguu, wakitegua mitego ya waya. Akirudi, nyayo zimelowa mpaka ngozi inabanduka. Namkanda kwa maji ya moto, analala kama gogo, siku ya tatu anaondoka tena. Mshahara ulikuja ulipotaka wenyewe. Kuni, shamba, watoto wenye homa, vyote juu yangu.

Walikuwa na sheria moja. Nyama waliyowanyang'anya wawindaji ilichomwa mbele ya kijiji kizima, hata mfupa usibaki, ili mtu asiseme walinzi wanapora wapate kula wao.

Msimu mmoja watoto walikuwa wamekula sombe tupu, majani ya muhogo, wiki mbili. Walinzi wakaleta rundo la mboloko, wale swala wadogo wa msituni. Kabla moto haujawashwa nikavuta paja moja, nikalifunga kwenye kitenge. Chungu kilikuwa kimeanza kuchemka babu yenu alipoingia. Hakunipiga, hakunifokea. Alikibeba chungu mpaka uwanjani, akamwaga yote motoni, watu wakiangalia.

Mke wa mwindaji mmoja akanicheka: "Pole, mama mlinzi! Hata mchuzi hukuonja?"

Watoto walilala njaa. Baba yenu alikuwa na miaka minne. Nilimchukia mume wangu miezi mizima, siwafichi.

Sasa tuko hapa mtaa wa Bertrams, na mwaka huu kifua kimemwangusha. Wiki mbili alikuwa akigusa uji kidogo tu, anageukia ukuta. Jumapili baba yenu akaja na mfuko, amenunua kwa mama mmoja wa Hillbrow anayeuza nyama ya kukaushwa kwa moshi kutoka kwetu. Harufu ikajaa chumba. Babu yenu, ambaye tulikuwa tunamgeuza kama mtoto, akaketi mwenyewe.

"Hiyo ni mboloko," akasema. "Mama watoto, nipikie."

"Sipiki."

"Mimi si mlinzi tena. Huo msitu wenyewe, nani anaulinda leo?"

"Mimi sijui. Hiyo sipiki."

"Eish, mama!" baba yenu akaingilia. "Mzee hali kitu. Kipande kimoja tu. Unamnyima mgonjwa?"

"Wewe ulinyimwa una miaka minne. Ulikufa?"

Babu yenu akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kilipomwachia akaniuliza polepole, "Basi unataka nife na njaa?"

"Ukifa, ufe umekula kuku."

Msidhani ilikuwa rahisi. Nilikuwa nimechoka, magoti yananiuma, na mkono wangu ulikuwa tayari juu ya ule mfuko. Ningempikia, angekula, pengine angepata nguvu. Halafu angekumbuka chungu alichokimwaga, na hilo lingemmaliza kuliko kifua. Na mimi je? Njaa ya watoto wangu ingekuwa ya bure.

 Babu yenu akalala tena, lakini safari hii uso ukiwa upande wetu.

Nikafunga mfuko mafundo mawili, nikampa baba yenu, nikamwita na mama yenu jikoni.

"Huu urudi Hillbrow sasa hivi, teksi bado zipo. Na wewe mkwe, nenda kwa wale wanaouza kuku hai, chagua jogoo mgumu, umchemshe mpaka mifupa ilegee. Mtu asiguse sahani nyumba hii mpaka mzee amekunywa mchuzi."