Maswali Hamsini Nyuma ya Mzigo wa Matete

Mdogo wangu alipochaguliwa kuingia darasa la mchujo, mimi ndiye niliyefurahi kuliko yeye. Nilikuwa nimemaliza la saba miaka minne nyuma, sikuchaguliwa kwenda sekondari, nikabaki nyumbani Akheri nikimkatia majani ng'ombe wetu wa ndani na kumsaidia mama shamba. Wala sikuwa na kinyongo. Mimi ni mtu wa kuota mchana kweupe. Nikasema basi, atasoma yeye, nami nitakuwa namtembelea huko sekondari ya vipaji nimevaa gauni zuri la mtumba, nimembebea chapati, na wenzake watauliza yule ni nani.

Darasa lenyewe lilikuwa la watoto thelathini waliochambuliwa kutoka shule zote za kata, wakawekwa chumba kimoja ili waandaliwe kwa mtihani wa kuingia shule hizo za vipaji. Wakati ule kila mtu alikuwa anakimbilia kitu. Maduka ya mjini yalishaanza kujaa, shule za kulipia zilifunguliwa hadi kwenye mabanda ya mbao, na wazazi waliong'oa kahawa wakapanda nyanya walitaka watoto nao wakomae upesi. Mama hakuwa tofauti. Alimwondolea mdogo wangu kazi zote isipokuwa majani, maana yule ng'ombe alikuwa anakula kama anatukomoa.

Kila siku mwalimu alitoa maswali hamsini ya kufanyia nyumbani. Hesabu za magazijuto, sehemu, asilimia, halafu sayansi. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anarudi saa kumi, anakuta panga linamsubiri. Ndipo nikabuni utaratibu wetu. Tukishafunga matete ya ng'ombe, namtwisha mzigo wake, nachomeka daftari nyuma ya mzigo na kulibana kwa kamba ya mgomba. Yeye alikuwa mfupi, kwa hiyo daftari lilikuja sawasawa na macho yangu. Anatangulia, nafuata na mzigo wangu kichwani nikisoma swali, anajibu bila kugeuka. Likiwa gumu tunasimama, analikokotoa vumbini kwa kidole cha mguu. Mzee mmoja jirani alitukuta kwenye njia ya mfereji, akauliza kama siku hizi matete nayo yanaandikishwa shule. Tulicheka mpaka mizigo ikataka kuanguka.

Tukifika, mdogo wangu anakula na kusinzia kijiko kikiwa mkononi. Mimi nakaa barazani kabla giza halijaingia, naandika majibu aliyoyasema njiani. Kuiga mwandiko wake hakukunisumbua. Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika.

Kosa langu lilianzia hapo. Jibu likiwa baya, nilikuwa nalitengeneza. Kwanza moja, halafu matatu, halafu yote. Nilijiambia mtoto amechoka tu, ila anajua. Na kusema kweli, zile hesabu zilinipa raha, nikajiona nami nimo darasani.

Daftari likaanza kurudi hamsini kwa hamsini. Mama akaenda nalo hadi kanisani. Maswali yakapanda hadi themanini. Nikadhani yamepanda kwa wote. Tukawa tunapita njia ndefu ya daraja la chini ili tuyamalize. Mdogo wangu akaanza kubakiza chakula. Akaanza kung'oa nywele karibu na sikio, moja moja, mpaka pakawa na kipara cha ukubwa wa shilingi. Mama akasema ni mba, akampaka dawa.

Jumamosi moja tukiwa kwenye matete, akaketi chini akakataa kuinuka. Nikamtania kwamba ng'ombe hajui likizo. Hakucheka. Nikamuuliza wenzake wanayamalizaje hayo themanini, naye akaniangalia kama ananiona leo. Akanieleza taratibu. Wenzake walikuwa bado na hamsini. Anayepata yote siku tano mfululizo anahamishiwa dawati la mbele, na dawati la mbele ndilo lenye themanini. Halafu kila Ijumaa kuna jaribio, na huko mimi sikuwepo. Huko alikuwa anashika mkia, na mwalimu alimchapa kwa uzembe, kwa sababu daftari lilionyesha kwamba anajua.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi, dada."

Nikaketi naye kwenye umande. Nikaanza kumwahidi kwamba nitamfundisha kila swali, tutaamka mapema, nitakata majani yote peke yangu. Akatikisa kichwa.

"Dada, niache nikose mwenyewe."

Jumatatu nikaenda kwa mwalimu. Nilimkuta nyuma ya rundo la madaftari, mama mwembamba mwenye wino mwekundu vidoleni, anasahihisha huku chai yake imepoa. Nikamwamkia, nikamwambia yote. Akalichukua daftari la mdogo wangu, akafunua kurasa moja baada ya nyingine.

"Haya umefanya wewe?"

"Yale aliyokosa, mwalimu."

Akaweka kalamu chini. Akasema amemchapa yule mtoto Ijumaa tano, na alilisema akiwa ameangalia dirishani. Kisha akanieleza kwamba yeye naye anaulizwa atapeleka wangapi shule za vipaji, na kwamba mtoto atarudi nyuma kwenye maswali hamsini, ila majaribio yasipopanda atarudishwa shule yetu. Kumwambia mama aliniachia mimi. Mama hakunisemesha siku mbili.

Mdogo wangu akafanya hamsini yake mwenyewe, yaliyomshinda akayaacha wazi. Majaribio yalipanda kidogo, hayakutosha. Muhula ulipoisha akarudishwa. Mimi ndiye niliyelia, kwa ajili ya lile gauni na zile chapati. Yeye siku hiyo alimaliza ugali wake, akaomba mwingine.

Wiki ya kwanza shuleni kwetu alipewa hesabu sita. Alikaa barazani, nami pembeni yake. Ya nne ilikuwa ya sehemu. Nikaona anavyoiendea vibaya, nikaikalia mikono yangu yote miwili. Akafuta, akaandika tena, akatafuna penseli, akapata jibu ambalo silo.

"Nimemaliza," akasema.

"Haya," nikamjibu. "Twende kwenye majani."