Maziwa Yangu Katika Friji ya Jirani

Nilitia maziwa yangu ya kifua katika sashe zile zile, vifuko vya plastiki, ambazo jirani yangu huuzia maziwa ya sukari yaliyogandishwa, nikazifunga fundo lile lile, kisha nikazilaza ndani ya friji yake. Nina diploma ya sekondari, na siku hizo sikuwa na homa.

Chanzo ni usingizi. Mtoto wetu, aliyekuwa akitukesheza, aliamua ghafla kulala mpaka asubuhi. Mume wangu akamshukuru Mungu. Mimi niliamka kifua kigumu kama tofali, nguo ya kulalia imelowa, na mtoto anakoroma kama mzee aliyestaafu relini. Nilitamani kumwamsha anisaidie. Mama mkwe, tunayekaa naye, akanionya kwamba maziwa yasiponyonywa yanakauka. "Utaona, maziba itakimbia," alisema, akinitazama kifuani kama mtu anayetazama ndoo iliyotoboka.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Dada yangu alikuwa amenipatia nafasi katika karakana ya cherehani mjini, asubuhi tu, lakini watoto hawaingii. Mimi ambaye kwangu kufika getini ni safari, nilikubali, maana nilikuwa nimeanza kuzungumza na masufuria. Lakini mtoto hakutaka maziwa ya unga. Aliyatema, akaniangalia kana kwamba nimemtukania ukoo.

Basi dada akaniletea pompi ndogo ya mkono ya kukamulia maziwa. Kila asubuhi, kabla bwana mdogo hajafumbua macho, nilikaa kitandani nikipiga pompi. Mume wangu alisimama mlangoni akasikiliza.

"Bibi, unatia upepo mu kinga ya nani?"

Kinga kwetu ni baiskeli, na hatuna hata moja.

Umeme kwetu unakuja kama mgeni, haukai. Jirani yangu huyo, wa ng'ambo ya barabara, yuko kwenye laini ya zahanati, ambayo haikatwi; ndiyo maana anauza vitu vya baridi. Akanipa kona ya nyuma ya friji yake. Sikuweka alama yoyote. Nilijiambia, nani atakosea? Na maziwa yakaganda meupe, magumu, sawasawa na yale yake.

Jumatatu ya kuanza kazi nilivaa mapema. Sikukamua, kwa kuwa nilijiona tajiri wa maziwa. Nilimwacha mtoto na mama mkwe, nikavuka barabara na chupa mkononi. Jirani akafungua friji. Kona ilikuwa tupu.

"Mama, maziba yangu iko wapi?"

"Ile ya nyuma?" Akaifunga friji. "Mudogo yangu ndiye alikuwa anauzisha jana, bantu banatoka ku misa. Jua ilikuwa kali. Alimaliza yote."

Nilikaa juu ya kreti ya chupa. Nikamwona mtoto akilia njaa mchana kutwa, nikamwona dada akinitetea kwa mwenye karakana, nikajiona nimerudi kwa masufuria yangu. Ndipo nikahisi blauzi inalowa. Yule bwana mdogo alikuwa amelala usiku kucha, kama desturi yake mpya.

Jirani aliona. Alifunga mlango wa jikoni, akaleta bakuli alilolichemsha, akalishika mbele yangu. Pompi ilikuwa nyumbani, nikakamua kwa mkono, naye amenisimamia kama kapita wa mgodini. Tukamimina, chupa ikajaa mpaka shingoni.

Mama mkwe, aliyeona ninachelewa, akaja na mtoto mgongoni. Aliipokea chupa, akaiinua kwenye mwanga, akaitazama mara mbili. Habari ya maziwa kukimbia haikutajwa.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni jirani aliponiita.

"Kesho ufunge uzi mwekundu ku sashe yako. Na mama moja wa jana alirudia hapa leo asubuhi. Anasema iko muzuri, lakini inakosa sukari."