Pumzi ya Hersh

Perla Guitl Dreizin, binti wa Zélik aliyeezeka paa la sinagogi kwa mikono yake, mjukuu wa Hersh aliyeshuka melini na jembe moja na sauti ya kuimbisha, kitukuu wa Toive aliyezalisha wanawake arobaini wa kijiji hiki cha Wayahudi cha Entre Ríos, Argentina, asipoteze hata mmoja. Waliomwita kibibi cha funguo hawakujua wanamwita nani.

Kila Ijumaa jua likishuka alifungua sinagogi, akapanda roshani ya wanawake, akaketi mahali pa mama yake. Chini hapakuwa na mtu. Wanaume kumi wanaotakiwa kwa sala hawakutimia tena tangu mumewe afariki, na watoto wake wako Buenos Aires. Angeweza kukaa chini kwa wanaume, mbele kabisa, nani angemkataza? Lakini alikaa juu. Akaimba wimbo wa kuipokea Sabato kwa mahadhi ya Hersh, na katikati ya ubeti wa tatu akanyamaza, akahesabu nne, akaendelea.

Kimya hicho hakikuandikwa popote. Vumbi la kupura ngano lilimtia Hersh pumu, na kila alipoimbisha, hapo kwenye ubeti wa tatu ndipo pumzi ilipomwishia. Watu, wasimwaibishe, wakawa wananyamaza naye mpaka avute nyingine. Hersh akafa, wao wakaendelea kumngoja. Mwaka nzige walipokula mpaka mapazia, Perla ana miaka sita, waliimba sinagogi limejaa, na kwenye kimya kile alisikia pumzi za watu wote kwa pamoja, kama ng'ombe zizini. Akajua hawatahama. Na hawakuhama mwaka ule.

Siku hizi alisikia pumzi yake tu. Kufa hakukumtisha. Kilichomtisha ni kwamba akiondoka yeye, hakuna atakayemngoja Hersh.

Kijiji kilipotimiza miaka mia na thelathini, wajukuu wa walowezi walikuja kwa basi, pamoja na mwimbishaji wa mjini, Ariel Szames. Aliomba afundishwe mahadhi ya hapa. Perla akamwimbia, yeye akaandika, kisha akasema ni mazuri ila pana tundu, ataliziba. Perla akamwambia aliache. Akacheka kwa adabu, akasema watu watadhani amesahau maneno.

Ijumaa ile Naum Kaplún, aliyesoma naye darasa moja na sasa amekuja na basi lile, alimwona akipanda ngazi.

"Perla, mpaka leo unatagia huko juu? Shuka, hakuna wa kukuchungulia tena."

"Huku ndiko naona upara wako vizuri."

Wakaimba. Ubeti wa tatu ulipofika, mwimbishaji akapita moja kwa moja, na watu wakamfuata. Perla akafunga mdomo. Naum naye akanyamaza. Karibu na mlango, mwanamke mmoja akanyamaza. Basi. Wote walipomaliza, sauti tatu zilibaki nyuma zikimalizia peke yao, na watu wakageuka kutazama.

Yule mwanamke alikuwa Débora, mjukuu wa mchinjaji. Jumapili asubuhi, basi limeshawashwa, Perla alimfuata na kibuyu cha chai ya yerba mate mkononi, akamuuliza nani alimfundisha.

"Nisamehe, bibi, niliwachelewesha. Nyanya yangu aliimba hivyo akiosha vyombo. Akifika hapo ananyamaza. Nilidhani anakagua sahani."

"Alikuwa anamngoja babu yangu apumue."

Perla akamuuliza Ijumaa huwa na nani huko kwake.

"Na jokofu, bibi."

"Basi liimbie jokofu. Ukifika pale nyamaza, hesabu nne, usiharakishe. Mimi huku nitakuwa nimenyamaza saa hiyo hiyo." Dereva akapiga honi. Perla hakumwachia mkono wa sweta. "Naum usimhesabu, siku hizi anasinzia. Mimi na wewe ni wawili. Wa tatu mtafute wewe."