Mistari Mitupu ya Dada

Na bado mnasema dada yangu ndiye mwenye kosa. Haya, ngojeni niwaeleze, maana mnanipandisha presha.

Dada ametengeneza programu ya kupanga maandishi ya programu nyingine. Wewe unaandika hovyo, mistari imebanana kama nguo kwenye begi. Yeye anakukatia mistari mahali pake, anaweka nafasi, ili anayesoma asiumie macho. Anaigawa bure. Nyumbani yuko hivyohivyo: viatu vyangu mlangoni vinaachana upana wa kidole, nikivisogeza ananuna. Hata ujumbe wa kuniagiza chumvi anaukata mistari minne.

"Dada, hii ni chumvi au shairi?"

"Umeelewa au hujaelewa, bwana mdogo?"

Juzi bosi wake akamwambia: Ijumaa tunaiacha programu yako, inatuchafulia kazi. Dada akarudi, chakula hakugusa, viatu kavirusha popote. Hapo nikajua mambo mazito.

Kesho yake nikampelekea ofisini chaja aliyosahau. Meza ya pili nikamkuta jamaa anafuta mistari mitupu, anafuta, anafuta.

"Unafanya nini, kaka?"

"Si dada yako huyo, Mama Hewa wetu. Ukiendesha programu yake, inaongeza mstari mtupu chini ya kila maelezo tuliyojiandikia ndani ya kazi. Ukirudia, inaongeza mwingine. Tumezoea, tunafuta kwa mkono."

"Mmemwambia?"

Akacheka. "Tumempa jina, inatosha."

Nikamwita dada kwa sauti ambayo hata mlinzi getini aliisikia. Akaja, akatazama, akashika kiuno.

"Kumbe mstari upo tayari, na mimi naongeza wangu juu yake. Nilikuwa naijaribu programu mara moja tu, sirudii."

Akamwinua jamaa kwenye kiti chake, akarekebisha, akaendesha, akaendesha tena. Hakuna kilichosogea. Bosi naye akaja akajaribu mwenyewe mpaka akachoka, akasema basi, ibaki.

Jioni nilipanga viatu vyangu bila kuambiwa. Dada akaja akavipanga upya.

"Si vilikuwa sawa?"

"Nahakikisha tu kwamba nikirudia havisogei."

Na vilisogea, lakini siku hiyo alikuwa ameshasahihishwa vya kutosha.

Sasa nyinyi mnaotumia vya bure mkicheka pembeni: acheni kufuta kimyakimya. Ukiona kosa, mwandikie aliyetengeneza. Leo.